Pompi mbili, maji ya matope: tupime beseni kwanza



Kila mwaka mvua ikianza, mwezi wa 11, mambo ni yale yale. Robine inatoa maji ya rangi ya chai. Mama anaacha ndoo ilale, asubuhi anakuta matope chini. Haipiti muda mrefu, dispanseri inajaa watoto wa kuhara. Watu wanasema: ni mto. Mimi nasema mto ni nusu tu ya neno. Nusu ingine iko kwenye beseni la kutuliza maji, pale pompi ya pili inapowashwa bila mtu kupima kitu.

Mmoja ataniuliza: wewe ni mtu wa sindano, pompi inakuhusu nini? Inanihusu sana. Klori haiui vizuri ndani ya maji ya matope. Matope yanaila, na vijidudu vinajificha ndani ya chembe zake. Mwaka 2008 kipindupindu kilipiga Likasi na Lubumbashi, na wazee wa kambi hawajasahau. Maji yakifika kwenye klori yakiwa machafu, unaweza kuongeza dawa mpaka watu walalamike harufu, na bado usiwe na hakika.

Sasa, beseni linafanya nini? Si ghala ya maji. Kazi yake ni kuyapa maji utulivu. Tunatia sulfati ya alumini, chembe za udongo zinashikana, zinakuwa mabonge madogo kama pamba, na mabonge yanashuka polepole. Lakini wakati yanashuka, maji yanayasukuma kuelekea mlango wa kutokea. Ni mashindano: bonge lifike chini kabla halijafika mlangoni.

Tuchukue beseni la mfano. Urefu meta 20, upana meta 6, kina meta 3. Uso wake ni 20 mara 6, ni meta 120 za eneo. Pompi moja inaleta meta kube 120 kwa saa (meta kube moja ni bidoni 50 za lita 20). Gawanya maji kwa uso: 120 kwa 120 ni 1. Maana yake, bonge linaloshuka meta 1 kwa saa au zaidi litabaki chini. Washa pompi ya pili: meta kube 240 kwa saa, gawanya kwa 120, ni 2. Bonge la kushuka meta 1 na nusu kwa saa, ambalo jana lilibaki lote, leo sehemu yake inakwenda nyumbani kwako.

Angalia kwamba kina hakikuingia katika hesabu. Mwinjinia wa Marekani Allen Hazen alieleza jambo hili mwaka 1904: kinachokamata chembe ni ukubwa wa uso. Kwa hiyo anayetaka kuchimba beseni liende chini zaidi atapoteza franga zake. Afadhali alipanue, au ajenge la pili. Lakini kina kisidharauliwe kabisa. Matope yakijaa meta 1 chini, zile meta kube 360 zinabaki 240, maji yanakaa saa 2 badala ya 3, yanakimbia zaidi, na yanaweza kuinua matope yaliyokwisha kulala. Beseni lisilosafishwa linadanganya hesabu.

Najua shefu wa kituo atasema nini. Kambi imekua, watu wanalia maji, yeye afanye nini? Ana haki. Maji machache nayo ni ugonjwa, kwani mtu haogi, hanawi mikono. Lakini tuhesabu tena. Pompi mbili kwa saa 12 zinaleta meta kube 2,880. Pompi moja kwa saa 24 inaleta 2,880 vilevile, na beseni linatumika kwa utulivu. Kinachotakiwa ni mtu wa posti ya usiku na tanki la kuweka maji ya usiku. Hayo yana bei, sikatai. Wakubwa wa kazi walinganishe bei hiyo na siku ambazo baba anakosa kazi kwa sababu mtoto amelazwa.

Kupima hakutaki mashini. Shusheni maji ya beseni kidogo, fungeni mlango wa kutokea, simamisheni fimbo yenye alama za sentimeta, na mshike saa. Yakipanda sentimeta 10 kwa dakika 6, ni meta 1 kwa saa. Yakipanda sentimeta 10 kwa dakika 3, ni meta 2. Kisha chukueni chupa ya kioo yenye maji yaliyokwisha kutiwa sulfati, mwone mabonge yanashuka sentimeta 10 kwa dakika ngapi. Kama yanatumia dakika 6 na maji ya beseni yanapanda kwa 3, msiwashe pompi ya pili. Na kwa kuwa chupa imetulia kuliko beseni, acheni nafasi kubwa ya usalama.

Mama, maji yakija na matope, yaache yatulie, yamwage taratibu kwa kitambaa safi katika chombo kingine, kisha yachemshe mpaka yatoe mapovu makubwa kwa dakika moja nzima. Lakini maji ya bomba la kiwanda au ya shimo la mgodi usiyachukue hata siku moja: shaba na kobalti zilizoyeyuka hazishuki chini ya ndoo, na moto hauziondoi.

Ninaomba jambo moja: kabla ya mvua, kila kituo kipime kwa fimbo na chupa, na namba ya maji ambayo beseni linaweza kubeba iandikwe kwa rangi ukutani, karibu na swichi ya pompi ya pili, mahali ambapo mtu wa posti ya usiku pia ataiona.