Faili la Linux nakili kwa jirani, lakini likague kabla ya kusakinisha

Siku hizi vikundi na AMCOS nyingi zina kompyuta za zamani zisizobeba tena Windows mpya. Vijana wanashauri ziwekewe Linux. Ushauri ni mzuri: Linux ni bure, na zipo aina zake nyepesi zinazofaa mashine yenye RAM ndogo. Ninacholalamikia ni jinsi tunavyopokea faili la kusakinishia bila kulikagua.

Faili hilo, ambalo jina lake huishia na .iso, mara nyingi hufika GB 2 au 3. Bando ni ghali, hivyo mmoja akipakua, wengine hunakili kwa flashi. Wapo wanaosema tabia hiyo ikome. Mimi sikubaliani nao. Hata anayepakua kwenye tovuti yenyewe anaweza kupewa faili bovu.

Tarehe 20 Februari 2016 wadukuzi waliingilia tovuti ya Linux Mint, wakaelekeza kiungo cha toleo la 17.3 Cinnamon kwenye faili lao lililowekwa mlango wa siri wa kuingilia kompyuta ya mtu. Kesho yake kiongozi wa mradi, Clement Lefebvre, alitoa tangazo la kuwaonya watu. Waliobofya kiungo kile walikuwa kwenye tovuti halali kabisa.

Sasa fikiria kompyuta ya AMCOS. Humo mna majina ya wakulima, namba za simu, akaunti za benki, kilo zilizopimwa na malipo ya msimu. Mlango wa siri ukiwemo, mwizi hahitaji kuvunja ofisi.

Mbegu ya mahindi hatuiamini kwa uzuri wa mfuko. Tunakwangua lebo ya TOSCI na kuhakiki namba. Faili la Linux nalo lina uhakiki wake. Kwa Linux Mint fanya hivi:

1. Pakua kwenye ukurasa rasmi mafaili mawili madogo: sha256sum.txt na sha256sum.txt.gpg. Hayamalizi bando.

2. Pata namba ya uhakiki ya faili lako. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika: certutil -hashfile jina.iso SHA256. Kwenye Linux andika: sha256sum jina.iso. Utapata tarakimu na herufi 64. Zilinganishe na zile za sha256sum.txt. Ikitofautiana hata moja, faili hilo usilitumie. Huenda liliharibika njiani, huenda limechezewa.

3. Kagua saini: gpg --verify sha256sum.txt.gpg sha256sum.txt. Kabla ya hapo ingiza ufunguo wa umma wa mradi, na uhakikishe alama yake inafanana na iliyotangazwa na mradi wenyewe.

Wengi huishia hatua ya pili. Hapo ndipo penye kosa. Aliyeweza kubadilisha kiungo kwenye tovuti anaweza pia kubadilisha namba iliyoandikwa pembeni yake, ukalinganisha uongo na uongo. Saini ni ngumu kughushi, kwa sababu hutengenezwa kwa ufunguo wa siri walio nao waandaaji tu.

Ndiyo maana nasema flashi ya jirani si tatizo. Faili likipita hatua zote tatu, limepitia mikono ya nani si hoja tena. Sharti ni moja: omba faili la .iso lenyewe, si flashi iliyokwisha kuandaliwa kusakinishia, maana hiyo si rahisi kuikagua kwa njia hii.

Kwa viongozi wa vikundi: kabla ya kumlipa fundi, mwambie akague faili mbele yenu. Ni kazi ya dakika chache. Fundi anayekataa, mtafutieni mbadala. Tahadhari kabla ya hatari.