Kalamu Ipi Itufaayo kwa Michoro ya Mistari?

Wazee walisema, "Mchagua jembe si mkulima." Methali hii ni ya kweli, lakini haina maana kwamba majembe yote ni sawa. Nataka kutoa maoni yangu juu ya jambo lililobishaniwa sana katika Chama chetu cha Sanaa muhula huu, yaani ni programu gani ya kompyuta ifaayo kwa michoro ya mistari mitupu, kama ile inayochapwa katika gazeti letu hili.

Wapo wenzetu wanaodai kwamba mstari safi haupatikani ila kwa programu ya kununuliwa, na kwamba kila mwanachama amwombe mzazi wake fedha. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Adobe Illustrator, iliyotoka mwaka 1987, ni programu nzuri kwa hakika, lakini hulipiwa ada kila mara. Ada ikikoma, kazi nayo imekoma. Si haki kumtwika mzazi mzigo huo ilhali zipo programu njema za bure.

Kwanza tujue kwamba programu hizi ni za namna mbili. Namna ya kwanza, kama Krita, hupanga nukta ndogo nyingi ziitwazo pikseli. Namna ya pili, kama Inkscape iliyoanza mwaka 2003, huweka hesabu ya mkunjo wenyewe. Mikunjo hiyo hupewa jina la Pierre Bézier, mhandisi wa kiwanda cha Renault huko Ufaransa, aliyeitumia katika miaka ya 1960 kubuni maumbo ya motokaa. Krita na Inkscape zote mbili hupatikana bila malipo.

Tofauti hiyo si ndogo. Mchoro wa ukurasa wa A4 wenye nukta 300 katika kila inchi una pikseli 2480 kwa 3508. Katika gazeti utapendeza. Lakini ukikuzwa uwe bango la siku ya michezo lenye urefu wa mita 2, kila inchi itabaki na nukta zisizofika 45, na kingo za mistari zitafanana na meno ya msumeno. Mchoro wa Inkscape waweza kukuzwa hata ufunike ukuta wa bwalo, na kingo zake zisiharibike.

Je, basi sote tuchore kwa Inkscape tu? La. Mstari waweza kuwa safi na bado ukawa umekufa. Uhai wa mstari hutoka mkononi, katika kukaza na kulegeza, katika kwenda mbio na kwenda pole. Kipanya hakijui mkono umekaza kiasi gani. Kalamu ya ubao wa kuchorea hujua, na Krita huufuata mkono huo vizuri. Tena Krita yaweza kutuliza mtetemeko wa mkono. Msaada huo utiwe kama chumvi katika mchuzi. Ukizidi, mstari huburutwa nyuma ya kalamu, na swala anayeruka hugeuka waya uliopindwa.

Basi shauri langu ni hili. Mwenye ubao wa kuchorea atumie Krita, na autulize mkono kidogo tu. Nembo na mabango yamaliziwe katika Inkscape, kwa vituo vichache katika kila mkunjo, kwani vituo vikiwa vingi mstari huota vinundu. Na asiye na kompyuta nyumbani, nao ndio wengi wetu, achore kwa wino mweusi juu ya karatasi nyeupe. Mchoro wake ukiingizwa katika kompyuta kwa skana, Inkscape yaweza kufuata kingo za wino na kuzigeuza kuwa mikunjo. Hapo atapata usafi wa kompyuta, na mwendo wa mkono wake utaonekana bado.

Kwa hiyo namwomba Mhariri, pamoja na walimu wetu, wapokee michoro ya karatasi sawasawa na ya kompyuta. Tukiufunga mlango huo, gazeti hili litajaa kazi za wenye vifaa, na wachoraji hodari watabaki na daftari zao mabwenini, wasijulikane.