KITUFE CHA LUGHA NI AHADI

Siku hizi mchuuzi na fundi wa hapa Mirongo hutembea na ofisi za umma mfukoni. Leseni, kodi na matangazo ya kazi huyatafuta katika tovuti kwa simu yake. Jambo hili twalisifu, kwa kuwa lampunguzia nauli na foleni.

Lakini iko kasoro ambayo hatuwezi kuinyamazia. Katika baadhi ya tovuti za umma kimewekwa kitufe, ili msomaji achague Kiswahili au Kiingereza. Mfanyakazi akigusa Kiswahili, vichwa vya habari hubadilika. Akifungua fomu yenyewe, hukuta Kiingereza kitupu. Pengine hurudishwa ukurasa wa kwanza, akaanza kutafuta upya huku salio likimwishia. Mwisho humlipa mtu mwingine amsomee haki yake mwenyewe. Je, huko ndiko kujitawala?

Wako watakaosema kwamba Kiingereza chahitajiwa na wageni. Sisi hatukipingi. Mgeni na asome kwa lugha aijuayo. Ndiyo kazi ya kitufe hicho. Lakini mwenyeji asifanywe mgeni katika nyumba yake.

Januari 1967 Ndugu Rashidi Kawawa, Makamu wa Pili wa Rais, alitangaza kwamba shughuli za Serikali ziendeshwe kwa Kiswahili. Mwaka 2021 Bunge likapitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Ikiwa mahakama yenyewe imefunguliwa mlango, fomu ya leseni yaufungaje?

Dawa si ngumu. Kwanza, kitufe kionekane katika kila ukurasa, nacho kiandikwe neno Kiswahili, si picha ya bendera. Maana lugha hii haina bendera moja, na Mkenya wa ng'ambo ya Ziwa Viktoria huisema pia. Pili, akigusaye abaki pale pale alipokuwa akisoma, na chaguo lake likumbukwe arudipo kesho. Tatu, na hili ndilo kubwa, fomu na nyaraka zitafsiriwe na watu waijuao kazi hiyo, kabla ya kitufe kutundikwa.

Wahenga walisema, ahadi ni deni. Ofisi iliyoandika Kiswahili juu ya mlango wake imekwisha kuahidi. Nasi wanachama na wafanyakazi tulidai deni hilo kwa adabu, lakini bila kuchoka, mpaka lilipwe.