Mfuateni Bibi Porini

Wapendwa, mvua za kwanza zimenyesha, na misitu ya miombo huku Iringa imejaa uyoga. Wengine huona kuchuma uyoga ni kupoteza muda. Mimi nasema ni shule. Adamu alipewa kazi ya kuwapa wanyama majina. Bibi zetu wanajua jina la kila uyoga na mti unaoota chini yake. (Wa kwenye kichuguu ndio wangu.) Maneno ya mitaani, eti ulioliwa na wadudu ni salama, eti ukichemshwa sumu inaisha, yanaua. Kuna sumu isiyoondolewa na moto. Tumbo huanza kuuma baada ya saa 6 au zaidi, kisha hutulia huku ini likiharibika. Aliyeumwa akimbizwe hospitali hata akipata nafuu. Na leo baada ya Misa, watoto waache simu, wamfuate bibi.