Tumeifukuza Caguwa, Sindano Hatujaishika

Mwaka wa 2016 serikali ya Rwanda ilipandisha ushuru wa nguo za mitumba kutoka senti 20 za dola ya Marekani hadi dola 2.50 kwa kila kilo. Mwaka wa 2018 Marekani ikajibu kwa kusimamisha ruhusa ya nguo zetu kuingia katika soko lake bila ushuru. Nchi jirani tulizokubaliana nazo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki zilirudi nyuma. Sisi hatukurudi, na mpaka leo tunalisimulia jambo hilo kwa fahari. Mimi pia naliunga mkono. Lakini nawauliza wanafunzi wenzangu: tangu siku hiyo, nani kati yetu amejifunza kushona hata kofia ya mtoto mchanga?

Mitumba tunaiita caguwa, na neno hilo tumelipata katika Kiswahili, kutoka kitenzi kuchagua. Caguwa imepungua sokoni, lakini kazi yetu imebaki ile ile ya kuchagua. Zamani tulichagua katika marundo ya nguo zilizovaliwa na watoto wa Ulaya na Marekani. Leo tunachagua katika maduka yenye nguo mpya zilizoshonwa Asia. Tazameni tunapokwenda guhemba, yaani kumtembelea mama aliyejifungua na kumpelekea zawadi. Tunachangishana pesa, tunanunua boksi lenye karatasi inayong'aa, na ndani yake mna suti ya nailoni ambayo mtoto ataitolea jasho mchana na ambayo haitamtosha baada ya miezi miwili. Boksi ndilo linalosifiwa. Mtoto hajaulizwa.

Hoja yangu ni hii: nguo ya mtoto mchanga ni rahisi kushona kuliko nguo zote, kwa hiyo ndiyo tunayopaswa kuanza nayo, tena kwa mikono yetu wenyewe. Nusu mita ya kitambaa cha pamba inatosha gauni dogo la mtoto. Vipande vinavyobaki chini ya vyerehani vya mafundi wa vitenge, kama wale wa soko la Kimironko hapa Kigali, vinatosha kofia na kitambaa cha kumfunga mtoto kifuani anapokunywa uji. Kazi yenyewe haina uchawi. Kitambaa hufuliwa kwanza, ili kama kinaruka kwa kufuliwa kiruke kabla ya kukatwa, na kama kinatoa rangi itoke kabla ya kugusa ngozi laini. Kisha hukatwa, hupigwa bandi, hushonwa, na pindo hukunjwa.

Anayeshona mwenyewe hulazimika pia kumfikiria mtoto. Hugundua kwamba kichwa cha mtoto mchanga ni kikubwa kikilinganishwa na mwili wake, kwa hiyo shingo nyembamba itamtesa, na ni afadhali nguo ifunguke mbele. Hukumbuka kwamba kifungo kilicholegea kinaweza kung'oka na kumezwa, na kwamba uzi unaoning'inia ndani ya soksi unaweza kujizungusha kwenye kidole na kuzuia damu. Hayo hayakuandikwa juu ya boksi linalong'aa. Hujulikana na aliyeshika sindano.

Wapo watakaosema kwamba zawadi ya kushona kwa mkono ni zawadi ya maskini. Kwao nina swali moja. Katika nembo ya taifa letu mna agaseke, kikapu kinachosukwa kwa mkono. Hakuna mgeni wa heshima anayepewa agaseke akafikiri kwamba tumemdharau. Ikiwa kazi ya mkono inafaa kuwa alama ya nchi nzima, imekuwaje haifai kumvisha mtoto wa nchi hiyo? Aibu hiyo hatukuirithi kwa mababu, maana zamani mtoto alibebwa katika ingobyi, ngozi iliyotengenezwa kwa mikono ya watu wa kwao. Tuliinunua sokoni pamoja na nguo.

Wapo pia watakaosema kwamba sindano ni ya wanawake. Maneno hayo hukanushwa sokoni kila siku. Wanaume huketi kwenye cherehani wakashona suruali na mashati, na hakuna anayewacheka, kwa sababu wanalipwa. Basi kinachochekwa si mwanamume kushona, ni mwanamume kumshonea mtoto wake bila malipo. Baba anayeona haya kufanya hivyo afikirie upya maana ya kulea.

Hoja ngumu zaidi ni ya wanaosoma uchumi. Wao husema kwamba kofia mia moja za mkono hazijengi kiwanda. Ni kweli, na sidai kwamba sindano ya nyumbani itaivisha Rwanda. Lakini kiwanda nacho kinahitaji watu wanaojua mshono ulio imara na ule utakaofumuka, watu wanaoweza kuipindua nguo, kuitazama upande wa ndani na kuikataa. Mnunuzi asiyejua kushona hudanganywa na rangi. Tukiwa taifa la wanunuzi wa namna hiyo, nguo yoyote mbovu itatushinda, iwe imetoka ng'ambo au imeshonwa hapa kwetu. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Sisi tunapenda vinavyoelea, lakini kuunda tunawaachia wengine.

Kwa hiyo lawama yangu haiendi kwa mama anayenunua nguo ya bei nafuu. Yeye ana mtoto wa kumvisha leo. Lawama inatuhusu sisi tuliosoma. Shuleni tumezoea kuitazama sindano kama adhabu ya aliyeshindwa mtihani: mwenye alama nzuri huendelea na vitabu, mwenye alama mbaya huambiwa akajifunze ushonaji. Mtaala wetu mpya, uliotangazwa mwaka wa 2015, unasema kwamba mwanafunzi apimwe kwa anachoweza kutenda, si kwa anachokariri tu. Vizuri. Basi kila mtoto wa shule ya msingi, wa kike na wa kiume, apewe kitambaa, uzi na sindano, na amalize darasa la sita akiwa ameshona nguo moja ndogo inayovalika.

Sisi wa Kiswahili tunalo la kufanya bila kungoja wizara. Tunaweza kuchambua riwaya nzima, lakini ni wangapi kati yetu wanaojua tofauti ya bandi, pindo na kiraka? Lugha isiyoingia katika kazi za mikono hubaki lugha ya mtihani. Napendekeza kwamba mwalimu au mwanafunzi mwenzetu akijaaliwa mtoto, nusu ya mchango wetu tununue kitambaa cha pamba, tukae Jumamosi moja, tushone, na maelekezo yote yatolewe kwa Kiswahili. Mishono ya kwanza itapinda. Mtoto hataijali, mradi nguo ni safi, ni laini, na inapita kichwani bila kumliza.