Malaria Dar es Salaam: Ushauri wa mtaalamu hukwama langoni

Kila masika wakazi wa Mabibo, jijini Dar es Salaam, hulalamikia mbu. Hulalamika wafanyabiashara wa soko la ndizi lijulikanalo kama Mahakama ya Ndizi, hulalamika wanafunzi wa vyuo waliopanga vyumba mitaani, na zaidi ya wote hulalamika familia zinazoishi kwenye mabonde yanayopeleka maji Mto Msimbazi. Malalamiko hufikishwa kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Mwenyekiti humngoja afisa afya wa kata. Afisa afya hungoja dawa na maelekezo kutoka Manispaa ya Ubungo, iliyomegwa kutoka Kinondoni takribani miaka kumi iliyopita. Wakati wote hao wakingojeana, kiluwiluwi huhitaji wiki moja au mbili tu kuwa mbu kamili.

Mwaka 2025 mnyororo huu wa kungojeana umekatika mahali ambapo wengi hawakupatazama. Tarehe 20 Januari Rais wa Marekani alitia saini agizo la kusitisha kwa siku 90 misaada ya maendeleo kwa nchi za nje. Mwezi Machi serikali yake ikatangaza kufuta asilimia 83 ya miradi ya shirika lake la misaada, USAID, na tarehe 1 Julai shirika hilo likakoma rasmi kutekeleza misaada hiyo. Kwa Tanzania jambo hili si habari ya mbali. Mpango wa Rais wa Marekani wa kupambana na malaria ulipozinduliwa mwaka 2005, nchi yetu ilikuwa miongoni mwa tatu za kwanza kunufaika, pamoja na Angola na Uganda. Kwa miaka ishirini mpango huo umegharamia vyandarua, vipimo vya haraka, dawa mseto na, jambo lisilosemwa sana, wataalamu washauri.

Mshauri wa afya ya jamii katika masuala ya malaria na magonjwa mengine yaenezwayo na wadudu si tabibu wa zahanati. Hampimi mgonjwa wala hapulizi dawa. Kazi yake ni kusoma takwimu, kutambua ni mbu yupi anazaliana wapi, kueleza ni afua ipi inafaa mahali gani na kwa gharama gani, na kuwaambia wenye mamlaka ukweli hata pale usipopendeza. Ni kazi isiyoonekana, na kwa sababu hiyo ni rahisi kuikata. Madhara yake huonekana baadaye, pale dawa inaponunuliwa na kumwagwa mahali ambapo mbu wa malaria hayupo.

Matunda ya kazi hii yapo na yanapimika. Tafiti za kitaifa zinaonesha kwamba kiwango cha maambukizi ya malaria kwa watoto wa Tanzania Bara wenye umri wa miezi 6 hadi 59 kilikuwa takribani asilimia 18 mwaka 2008, na kimeshuka hadi asilimia 8 mwaka 2022. Hata hivyo wastani huo unaficha tofauti kubwa: mwaka huo wa 2022 mkoa wa Tabora ulikuwa na asilimia 23, ilhali Dar es Salaam ni miongoni mwa mikoa yenye viwango vya chini kabisa. Mwaka 2023 Tanzania ilikuwa moja ya nchi nne zilizobeba zaidi ya nusu ya vifo vyote vya malaria duniani, na kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, vifo hivyo vilifikia 597,000 mwaka huo. Mafanikio ya Dar es Salaam yana hatari yake pia. Mtoto aliyekulia mahali penye malaria kidogo hajengi kinga ya mwili. Ugonjwa ukirudi, utamkuta hana ulinzi.

Jambo la kwanza ambalo mshauri mwema huwaambia wakazi wa Mabibo ni kwamba mbu si wa aina moja. Wengi wanaowasumbua usiku ni mbu aina ya kuleksi, wanaozaliana kwenye vyoo vya shimo, makaro na mitaro yenye maji machafu. Hawa hueneza matende na ngirimaji, si malaria. Mbu wa malaria, anofelesi, ni wachache zaidi, nao hupendelea madimbwi yanayopigwa na jua, mashimo ya ujenzi na vijaruba vya maji kati ya matuta ya viazi na mchicha mabondeni. Aina ya tatu ni edesi, anayeuma mchana na kuzaliana katika maji yaliyotuama kwenye ndoo, makopo na matairi yaliyotupwa uani. Ndiye aliyeleta milipuko ya homa ya dengue jijini mwaka 2014 na mwaka 2019. Huyo huyo hueneza chikungunya, ugonjwa uliotambuliwa kwa mara ya kwanza kusini mwa nchi yetu mwaka 1952, na jina lake limetoka katika lugha ya Kimakonde, likieleza mtu aliyepindwa na maumivu.

Jambo la pili ni kwamba si kila homa ni malaria. Mwaka 2008 watafiti waliwachunguza watoto 1,005 waliofika na homa katika vituo vya afya vya Dar es Salaam na Ifakara. Takribani mmoja tu kati ya kumi alikuwa na malaria. Wengi wao walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa. Mzazi anayekimbilia duka la dawa na kumpa mtoto dawa mseto bila kipimo hufanya kosa la aina mbili: ugonjwa halisi haupati tiba, na dawa inatumika ovyo wakati ambapo usugu wa kiasi dhidi ya artemisini umekwisha kuthibitishwa Rwanda, Uganda, Eritrea na hapa Tanzania, mkoani Kagera.

Je, jiji hili limewahi kujaribu kuyashambulia mazalia yenyewe? Limejaribu zaidi ya mara moja. Kuanzia mwaka 1988 hadi 1996 Serikali ya Japani ilifadhili mradi wa kudhibiti malaria katika miji ya Dar es Salaam na Tanga. Ufadhili ulipokoma, sehemu kubwa ya kazi nayo ikakoma. Mwaka 2004 ukaanzishwa mpango mwingine katika kata 15 kati ya 73 za wakati huo, zenye zaidi ya watu 600,000, katika manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke. Safari hii msingi ulikuwa wananchi wenyewe. Wanajamii waliopatikana kupitia serikali za mitaa, wakilipwa posho ndogo, walizunguka kila wiki katika maeneo ya mashina ya nyumba kumi kumi wakitafuta madimbwi. Mwaka 2006 unyunyiziaji wa viuadudu vya kibaiolojia vinavyoua viluwiluwi ulianza katika kata tatu za Buguruni, Kurasini na Mikocheni, kisha ukapanuliwa hatua kwa hatua.

Matokeo yake yanastahili kusomwa kwa unyofu. Tathmini ya awali, iliyochapishwa mwaka 2009, ilionesha kwamba uwezekano wa kuambukizwa malaria katika kata zilizonyunyiziwa ulipungua kwa asilimia 72. Tathmini ya kipindi kirefu zaidi, iliyochapishwa mwaka 2013, ilikadiria punguzo la asilimia 21. Hapa ndipo thamani ya mshauri mwaminifu inapoonekana: hawezi kuwaahidi viongozi namba ya kwanza na kuificha ya pili. Namba zote mbili zinasema kwamba kazi hii inasaidia; ya pili inaonya kwamba haitoshi peke yake, wala haiwezi kuchukua nafasi ya chandarua, kipimo na tiba sahihi.

Utafiti mwingine wa mwaka 2009 ulieleza ugumu ulipo. Wale wanajamii walikuwa wameripoti takribani theluthi mbili ya madimbwi yaliyokuwepo. Lakini katika madimbwi yaliyokuwa na viluwiluwi vya anofelesi, waliweza kuvitambua katika sehemu moja tu kati ya nane hivi. Sababu mojawapo ilikuwa mafunzo na usimamizi. Nyingine ilikuwa ya kawaida sana, nayo kila mkazi wa Dar es Salaam anaifahamu: uzio. Mhudumu mwenye posho ndogo alisimama nje ya lango, akabisha hodi, akakosa wa kumfungulia, akaendelea na safari yake. Dimbwi likabaki ndani.

Changamoto hii haitatuliwi na kiwanda. Tangu mwaka 2015 Tanzania ina kiwanda chake cha viuadudu vya kibaiolojia mjini Kibaha, kilichojengwa kwa teknolojia kutoka Cuba, chenye uwezo wa kuzalisha lita milioni 6 kwa mwaka. Mwaka 2017 Rais John Magufuli alikitembelea na kuagiza halmashauri zinunue dawa hiyo. Basi dawa ipo, tena karibu, si mbali na Mabibo kwa Barabara ya Morogoro. Kinachokosekana ni mtu anayejua dimbwi liko wapi, na jirani aliye tayari kufungua lango.

Nayo haja inaongezeka. Mbu anofelesi aina ya stefensi, mwenye asili ya Asia Kusini na Rasi ya Uarabuni, aligunduliwa Djibouti mwaka 2012, kisha Ethiopia, na mwaka 2023 kuwepo kwake kukatangazwa nchini Kenya. Mbu huyu anaeneza malaria, lakini anaishi kama edesi: huzaliana katika matangi na mapipa ya maji safi mijini. Djibouti iliripoti wagonjwa 27 wa malaria mwaka 2012. Mwaka 2020 iliripoti zaidi ya 73,000. Katika jiji ambalo maji ya bomba hukatika na kila nyumba huhifadhi maji kwenye simtanki na madumu, tangi lisilofunikwa halipaswi tena kuhesabiwa kuwa jambo dogo.

Mafundisho Jamii ya Kanisa yanatupatia namna ya kulitazama suala hili. Kanuni ya auni, iliyofafanuliwa na Papa Pio XI mwaka 1931, inafundisha kwamba jambo linaloweza kutendwa na jumuiya ndogo lisinyang'anywe na chombo kikubwa; na vilevile kwamba chombo kikubwa kina wajibu wa kuisaidia jumuiya ndogo pale inapozidiwa. Pande hizi mbili haziachani. Familia ya Mabibo haiwezi kununua vipimo vya nchi nzima, kujenga mitaro ya jiji wala kumwajiri mtaalamu wa wadudu. Hayo ni wajibu wa Serikali, na kukatika kwa misaada kunapaswa kuonekana katika bajeti zetu za afya, hasa kwa ajili ya Tabora, Mtwara na Kagera ambako watoto wanaumwa zaidi. Januari 2024 Serikali ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Hao ndio wanaoweza kuirithi kazi ya wale wa mwaka 2004, mradi wapate posho yao kwa wakati na wawe na mshauri wa kuwaongoza.

Lakini lango ni letu. Tangu mwaka 1976 maaskofu wa Afrika Mashariki walipozifanya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha kichungaji, waamini wamekuwa wakikutana kila wiki nyumbani kwa jirani, wakiingia uani kwake kwa kukaribishwa. Hakuna mhudumu wa mradi wowote aliyewahi kupata nafasi hiyo. Jumuiya inayosali Jumamosi asubuhi inaweza, kabla ya kutawanyika, kutumia robo saa kumwaga maji ya makopo na matairi, kufunika simtanki, kufukia shimo lililoachwa na fundi, na kumwandikia mwenyekiti wa mtaa orodha ya madimbwi yanayohitaji dawa. Kwa kuwa mbu huhitaji wiki moja au mbili kukomaa, mzunguko wa kila wiki ni mzunguko unaotosha. Kazi hii haina dini: jirani Mwislamu au Mlutheri anaumwa na mbu yule yule, na yafaa aalikwe tangu siku ya kwanza.

Itakuwa busara kuanzia kwetu wenyewe: viwanja vya parokia, shule na nyumba za watawa, ambavyo navyo vina uzio, matangi na mabomba yanayovuja. Paroko anayemkaribisha afisa afya wa kata akague eneo la kanisa, kisha akawaeleza waamini yaliyoonekana, atakuwa amefundisha zaidi ya matangazo mengi. Na pale homa inapoingia nyumbani, utaratibu ubaki ule ule: kipimo kwanza, dawa baadaye, na dozi imalizwe.

Mshauri wa malaria anaweza kulipwa na Washington, na Dodoma au asilipwe kabisa. Kwa vyovyote vile, ushauri wake hufika mpaka langoni; kuanzia hapo unamhitaji mwenye nyumba.