Waliochochea Moto wa Reli ya Mpanda

Karibu kila kinachoandikwa kuhusu reli ya Mpanda huanza na madini ya risasi na kuishia hapo hapo. Chanzo chake ni hicho kweli. Kampuni ya Uruwira Minerals ilichimba risasi huko Mukwamba, pamoja na shaba, fedha na dhahabu, na serikali ya kikoloni ikatandika kilomita 210 za reli kutoka Kaliua hadi Mpanda ili mzigo huo uunganishwe na Reli ya Kati na kufika bandarini Dar es Salaam. Njia ilifunguliwa 1950. Mwaka 1960 mgodi ukafungwa. Kwa hesabu za kampuni, kazi ya reli ilikwisha siku hiyo. Toleo hili linapinga hesabu hizo.

Tuanze na moto wenyewe. Tanganyika ilikuwa na makaa ya mawe kusini, Songwe na Ruhuhu, lakini zama hizo hakuna reli iliyofika huko. Kwa miaka mingi injini za mvuke za Reli ya Kati ziliendeshwa kwa kuni, kabla ya mafuta mazito kushika nafasi yake. Basi kabla treni haijasogea, kuna mtu aliyekuwa ameingia porini na shoka, mwingine aliyepanga magogo kando ya njia, na mwingine aliyesimama mbele ya tanuri akilisha moto huku akichunga maji ya boila yasipungue. Maji yakishuka kupita kiasi, boila huweza kulipuka. Kazi hiyo ilitaka jicho, sikio na kifua, na waliofanya hawamo katika vitabu vya uchumi wa madini. Misitu ya miombo iliyokatwa kwa ajili ya moto huo nayo haimo.

Halafu kuna swali ambalo naona halijaulizwa vya kutosha: kwa nini reli hii haikung'olewa? Miaka ile ile serikali ilijenga reli nyingine kusini, kutoka Mtwara kwenda Nachingwea, kwa ajili ya mpango wa karanga. Karanga zilishindikana, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikang'olewa. Ya Mpanda ilibaki. Jibu langu ni abiria. Ni wakulima wenye magunia ya mpunga na mahindi, warina asali, wafanyabiashara wa Tabora, na baadaye familia zilizokimbia Burundi mwaka 1972 na kuishi Katumba. Masika barabara zilipogeuka tope, treni ndiyo iliyokuwa njia. Mgodi uliizaa reli, lakini hao ndio walioilea.

Leo anayetaka kuona injini za enzi hizo hushauriwa aende Nairobi. Katika makumbusho ya reli kule imehifadhiwa injini namba 3020, iliyopewa jina la Wanyaturu wa Singida, na nyingine iitwayo Mount Gelai, kwa mlima wetu ulio karibu na Ziwa Natron. Ni vyema zimetunzwa. Lakini mwana wa Mpanda asilazimike kuvuka mpaka ili aone injini za enzi ya babu yake.

Kukusanya kumbukumbu za watu hawa kuna haraka. Aliyekuwa na miaka 20 njia ilipofunguliwa sasa amepita 90. Na wakati huu huu inazungumzwa reli mpya ya kuendelea hadi Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, ili kupokea mizigo ya Kongo, madini yakiwemo. Wapangaji wake wanapaswa kuuliza mapema nani atapanda treni hiyo siku madini yakiadimika, na stesheni zijengwe kwa kumfikiria huyo.

Kurasa zinazofuata tumewapa madereva, wachochea moto, mafundi wa njia na abiria. Mwenye picha, kitambulisho cha kazi, tiketi ya zamani au mzee aliye tayari kusimulia, na atuite. Tutakuja na kinasa sauti, na picha zitarudishwa kwa mwenyewe.